Ombi la Kuiua Swichibodi ya Mahangilo Saa Nne Asubuhi

Ezekia Mligo,
Kijiji cha Kihumbilo,
S.L.P. 14, Mahangilo.

4 Novemba 1974

Ndugu Liberatus,
Meneja wa Simu,
Ushirika wa Wakulima wa Pareto,
Mahangilo.

Ndugu Meneja,

YAH: KIBALI CHA KUIUA SWICHIBODI KUU KWA NUSU SAA

Natumaini barua hii itakukuta u mzima wa afya, na swichibodi yako pia. Mimi sijambo. Ninakuandikia kwa mkono kwa sababu nilipojaribu kukupigia simu asubuhi ya leo niliunganishwa na ghala la mbolea, na mlinzi wa pale, baada ya kunisikiliza kwa adabu kubwa mpaka mwisho, alinishauri niandike barua.

Mimi ni mwanachama namba 212 wa Ushirika huu. Nilifundisha shule miaka kumi na tisa kabla ya kurudi shambani, na ninasoma kila kinachochapishwa, hata gazeti lililofungiwa nyama. Ndiyo maana nimeusoma Mpango wenu wa Badala, kurasa zote kumi na moja, mara tatu. Nadhani ni mimi peke yangu niliyefanya hivyo, maana aliyeupiga chapa aliruka ukurasa wa saba na hakuna aliyelalamika.

Nakala ya barua hii itasomwa na wanachama ambao hawajapata bahati hiyo, kwa hiyo nieleze kidogo. Ushirika wetu una simu zake wenyewe. Nyaya zinatoka kwenye maghala kumi na manne, mashine mbili za kusaga, hospitali ya Mahangilo na zahanati yetu ya Kihumbilo, na zote zinakutana katika chumba kimoja kilicho jirani na ofisi yako. Humo imo Swichibodi Kuu, na mbele yake ameketi Ndugu Apolonia. Hakuna mtu anayezungumza na mwenzake ila kwa mkono wa Apolonia. Kando yake lipo Daftari la Njia, linaloonyesha waya upi unakwenda wapi, nguzo ipi imeanguka, na simu izungukie wapi ili ifike. Miaka miwili iliyopita Ushirika ulinunua swichibodi ya pili, ukaiweka Lupandilo, maili saba kutoka kwako, ukaivutia nyaya zake, ukamkabidhi kijana wetu Antoni. Kusudi lake ni kwamba siku ile Kuu itakapokufa, hii ya Akiba ishike kazi papo hapo. Huo ndio Mpango wa Badala.

Ni wazo zuri. Nalisema mapema, nisije nikaonekana mtu wa kupinga kila kitu, sifa ambayo Mwenyekiti wetu amenitunukia katika mikutano mitano mfululizo.

Ombi langu ni dogo. Naomba kibali cha kuiua Swichibodi Kuu, mchana kweupe, siku ya Alhamisi saa nne asubuhi, kwa muda wa nusu saa, mbele ya mashahidi, ili tuone kama ile ya Akiba itaamka. Sababu zangu ni hizi zifuatazo.

1. Fungu la 4 la Mpango linasema, nami nanukuu: "Swichibodi Kuu itakapokufa, opereta wake ataipigia simu Swichibodi ya Akiba kuiarifu kwamba imekufa." Ndugu Meneja, nimehudhuria mazishi mengi maishani mwangu, kutoka Njombe hadi Tukuyu, na bado sijamwona marehemu mwenye kuwajibika kiasi hicho. Huku kwetu mtu akifia nyumbani peke yake, majirani wanajua kwa sababu asubuhi hawakuona moshi jikoni kwake. Hawakai barazani wakimsubiri atoke mwenyewe aje kuwaambia. Nilipendekeza kwa maandishi, mwezi wa Aprili, kwamba Antoni apige simu kwa Apolonia kila saa inapogonga. Akikosa jibu mara mbili, ajue hakuna moshi, ashike kazi. Ofisi yako ilinijibu kwamba huko kutakuwa "kumsumbua opereta mkuu." Nimeelewa. Kuna watu ni afadhali wafe kuliko kusumbuliwa.

2. Mpango huu ulipimwa mara moja tu, na aliyeupima hakuwa mjumbe wa Kamati. Ilikuwa radi, mwezi wa Januari mwaka huu, saa nane na dakika kumi mchana. Radi ilipita katika waya wa ghala la Kusini ikaingia chumbani, ikamrusha Apolonia na kiti chake mpaka mlangoni, ikaunguza nusu ya Swichibodi Kuu pamoja na droo ya meza. Apolonia alipopata fahamu alifanya kile ambacho mfanyakazi bora hufanya. Alitafuta simu ili atii Fungu la 4. Simu ilikuwa imekufa, jambo ambalo Mpango haukulitegemea. Basi akachukua baiskeli ya tarishi, akaendesha maili saba katika mvua na matope hadi Lupandilo.

Yaliyotokea huko nimesimuliwa na wote wawili, kila mmoja kwa wakati wake, na hawatofautiani hata neno. Antoni alimkaribisha, akampa kigoda, kisha akafungua Mpango ukurasa wa tano.

"Dada Apolonia, taarifa ya kifo inatakiwa iwe na mhuri wa Kuu. Mhuri uko wapi?"

"Mhuri ulikuwa kwenye droo, mdogo wangu. Umeungua."

"Sasa mimi nitajuaje kama kweli imekufa?"

"Ninuse nywele."

Antoni akanusa. Alikiri kwamba kweli zilinuka moshi, lakini nywele hazimo katika Fungu la 5. Sitaki umlaumu kijana huyo. Ninyi ndio mliomfundisha kwamba siku atakayoigusa swichibodi ile bila mhuri, ndiyo siku atakayorudi kwao kulima. Apolonia alirudi Mahangilo kwa baiskeli ileile, akakusubiri utoke kwenye kikao, ukaandika barua kwa mkono wako, ukatafuta mhuri wa idara ya mbolea, na dereva akaipeleka. Swichibodi ya Akiba ilishika kazi saa moja na robo jioni. Hayo ndiyo "papo hapo" ya Ushirika wetu: saa tano na dakika tano.

3. Hapa nitapunguza maneno. Katika saa hizo tano alikuwapo katika zahanati yetu mama mmoja aitwaye Roza, mke wa Masunga, mmoja wa wafugaji wale waliotoka kaskazini na ng'ombe wao wakahamia bonde letu. Alishikwa na uchungu tangu alfajiri, mtoto amekaa vibaya. Mkunga wetu, Ndugu Tekla, alizungusha mpini wa simu kuomba gari la wagonjwa kutoka Mahangilo. Aliuzungusha saa tatu nzima. Nilikuwapo, nilimwona akibadilisha mkono wa kulia kwa wa kushoto. Mwishowe tulimbeba Roza kwenye kitanda chake cha kamba, wanaume kumi na wawili, tukipokezana wanne wanne, maili kumi na nane. Mimi nilikuwa kwenye mguu wa nyuma wa kushoto. Roza alipona. Mtoto hakupona.

Masunga hajalalamika kwenu. Aliniambia tu, "Mzee, labda na simu ilikuwa imelala." Basi mimi ninalalamika kwa niaba yake, maana katika kumbukumbu za Kamati za mwezi ule tukio lote limeandikwa kwa mstari mmoja: "Kulikuwa na usumbufu mdogo wa mawasiliano."

4. Kuhusu Daftari la Njia. Mpango unaagiza kwamba kila Jumamosi nakala mpya ya daftari ipelekwe Lupandilo kwa basi, ili Antoni ajue yale anayoyajua Apolonia. Nakala aliyokuwa nayo Antoni siku ile ya Januari ilikuwa ya mwezi wa Machi wa mwaka uliotangulia. Nilipouliza, niliambiwa nakala nyingine zote zipo, zimeandikwa vizuri, tena zimehifadhiwa mahali salama kabisa. Ndugu Meneja, zimehifadhiwa katika kabati lililo chini ya Swichibodi Kuu. Ni sawa na kuandika wosia, ukaukunja vizuri, ukautia katika mfuko wa suti ya kuzikiwa.

Matokeo yake ni kwamba Tekla alipopata laini hatimaye, usiku umekwisha kuingia na sisi tumekwisha kuondoka na kitanda, aliomba hospitali. Kwa mujibu wa daftari la Machi, waya wa hospitali ulikuwa ule ambao sasa umepewa nyumba ya wageni ya Ushirika, upande wa baa. Tekla akasema ana mgonjwa mahututi. Sauti ikamjibu kwa furaha: "Mgonjwa? Hapa tunao kumi na wanne, unamtaka yupi?"

5. Mpango una kurasa kumi na moja za kifo na hauna hata mstari mmoja wa ufufuo. Fundi aliitengeneza Swichibodi Kuu kesho yake asubuhi. Apolonia akaketi, akaanza kazi. Hakuna aliyemwambia Antoni aache, na kwa kuwa kuacha nako kunahitaji mhuri, hakuacha. Kwa siku tatu tulikuwa na Swichibodi Kuu mbili, kila moja ikitoa amri, kila moja ikiandika daftari lake. Malori mawili yalitumwa Kihumbilo kuchukua magunia yaleyale ya pareto. Yalikutana katikati ya daraja letu la mbao. Sisi wakulima tulikaa ukingoni tukasikiliza.

"Rudi nyuma wewe! Mimi nimetumwa na Kuu!"

"Kuu ipi? Mimi natoka kwa Kuu sasa hivi, hata chai yao sijaimaliza!"

"Basi hiyo yako ni ya uongo!"

"Ya uongo ni baba yako!"

Wote wawili walikuwa wakweli, na hilo ndilo lililonitisha. Walikaa pale darajani mpaka alasiri, na pareto ya ghala la Kusini, ambako hakutumwa lori hata moja, ikanyeshewa ikaota ukungu.

6. Betri ya Swichibodi ya Akiba siku hizi haiko Lupandilo. Iko katika Land Rover yako. Sina zaidi la kusema juu ya jambo hili, ila kwamba kila asubuhi Land Rover hiyo inapowaka kwa mara ya kwanza, wanachama wote wanaokaa kando ya barabara wanafurahi kujua kwamba angalau kitu kimoja cha akiba katika Ushirika huu kimejaribiwa.

7. Sasa nafika kwenye shina la mambo. Katika mkutano mkuu wa Septemba nilisimama nikauliza swali lenye maneno machache: tangu Januari, mmeshaujaribu? Mhasibu akaangalia dari. Ndipo Mwenyekiti aliponyanyuka, akatabasamu kama mtu aliyepewa pasi nzuri mbele ya goli, akasema: "Mzee Mligo, kwenu mnampimia mtu kaburi angali anakula ugali?" Ukumbi ukavunjika kwa makofi. Akaongeza kwamba kuizima swichibodi nzima ili kuona itakuwaje ikifa ni uchuro, ni kuita msiba kwa jina lake, na kwamba yeye kama mzazi hawezi kuruhusu. Kamati ikaitisha kura. Uchuro ulishinda kwa kura kumi na tisa dhidi ya moja. Na ile moja ilikuwa yangu, wala sikuomba kura za siri.

Nilimfuata Apolonia baadaye, nikidhani yeye aliyenusa moshi wa nywele zake mwenyewe ataniunga mkono. Akaniambia polepole: "Mzee, nikiinuka kwenye kiti hiki nikiwa mzima, akaketi mwingine, na mambo yakaenda vizuri, je, mimi nitarudi?" Hilo nalielewa. Ni hofu ya mtu anayesomesha wadogo zake watatu, nami naomba umwandikie barua ya kumhakikishia kiti chake kabla hujafanya lolote. Lakini Kamati haina wadogo wa kusomesha. Kamati ina nini?

Nitakuambia. Uchuro, Ndugu Meneja, ni uvivu uliovaa joho la mila. Babu zetu tunaowasingizia hawakuwa hivyo. Kalenga ilikuwa na ukuta wa mawe ambao watu walikuja kuutazama kutoka mbali. Ukuta ukavunjwa kwa mizinga ya Wajerumani, ngome ikaanguka, na bado mwenye ngome alitoka akiwa hai akapigana miaka minne mingine. Mtu hawezi kufanya hivyo kwa kubahatisha njia gizani. Sitakuandikia methali ya ufa na ukuta, kwa sababu mmeipiga chapa ninyi wenyewe katika ukurasa wa kwanza wa Mpango, kwa herufi kubwa, na nyingine inayohusu tahadhari na hatari mmeitundika juu ya Swichibodi Kuu. Nasikia radi iliiacha bila hata kuichubua.

Wala msiniambie kwamba mtafanya majaribio "wakati muafaka utakapofika." Hakuna siku mbaya ya kupima, na hakuna siku nzuri kuliko nyingine. Anayesema "tusubiri wiki ijayo" amekwisha kuifanyia radi nusu ya kazi yake.

8. Iwapo Kamati inashikilia kwamba kitu cha akiba kikijaribiwa kinaleta msiba, basi naomba haki itendeke, busara hii isiishie kwenye simu. Naomba kuanzia mwezi ujao tairi la akiba la kila lori lisijazwe upepo mpaka lile lingine lipasuke. Breki zisikaguliwe kabla ya mteremko wa Kitonga, tusije tukauletea uchuro mteremko. Mitungi ya kuzimia moto ibaki imefungwa katika karatasi zake, na ufunguo wa stoo ya mitungi uwekwe stoo. Nyumba ya Mwenyekiti ijengwe bila mlango wa nyuma, kwa sababu mlango wa nyuma ni kumtamani nyoka aje mbele.

Aidha, naomba ateuliwe Meneja wa Akiba. Apewe meza Lupandilo, asiruhusiwe kusoma faili lolote wala kushika kalamu, awe anapangusa vumbi tu kama Antoni anavyopangusa swichibodi yake kila asubuhi kwa miaka miwili sasa. Siku utakapofariki, Mungu aiweke mbali, utampelekea taarifa wewe mwenyewe kwa maandishi, na usisahau mhuri.

9. Nisije nikasemwa kwamba nina ajenda ya siri, naieleza. Binti yangu Lusia amerudi nyumbani kutoka kwa mumewe, Mbeya, aje kujifungua. Sisi Wabena mtoto wa kwanza huzaliwa kwa mama yake mzazi, ndivyo ilivyo, ingawa kule Mbeya hospitali iko ng'ambo ya barabara kutoka mlangoni kwake. Kwa hiyo ameiacha hospitali iliyo ng'ambo ya barabara amekuja kwenye simu yako. Tekla amempima, anasema ni katikati ya mwezi huu, na kwamba mtoto bado hajageuka anavyotaka yeye. Anasema huenda akahitaji gari. Akaniagiza pia nimwone Jailos, seremala wetu, kwa jambo fulani la maandalizi, lakini hayo ni ya nyumbani, si ya barua hii.

Mawingu yameanza kujikusanya upande wa Chunya. Mvua za kwanza zikishuka zitashuka na radi, kama kila mwaka, na radi haijaomba kibali. Nimembeba mtoto wa Masunga maili kumi na nane kabla hajazaliwa, na sikuwahi kumwona akiwa na uhai. Sina nguvu ya kushika mguu wa kitanda mara ya pili, hasa nikimjua aliyelala juu yake tangu siku aliyojifunza kutembea.

Kwa hiyo narudia ombi langu. Alhamisi, saa nne asubuhi. Fundi achomoe waya mmoja tu. Mimi nitakuwa zahanati na Tekla, tukizungusha mpini. Ikiwa sauti itakayotujibu itasema "Hospitali," nitasimama katika mkutano ujao, mbele ya wanachama wote, nimwombe radhi Mwenyekiti, na kwa mwaka mzima sitauliza swali. Ikiwa itasema "Unamtaka yupi?" basi tutajua, jua likiwa juu, barabara kavu na wote tukiwa hai. Alhamisi yoyote inanifaa. Iliyo karibu zaidi inanifaa zaidi.

Nisalimie wote hapo ofisini: Apolonia na nywele zake, ambazo nasikia zimeota vizuri, fundi, mhasibu na dari yake, dereva wa Land Rover iwakayo kila asubuhi. Mpe pole Antoni kwa upweke. Na mlinzi wa ghala la mbolea mwambie nimefuata ushauri wake.

Wako katika ujenzi wa Ushirika usiohitaji kufa ili ujulikane kama ulikuwa hai,

Ezekia Mligo,
Mwanachama namba 212.

Nakala: Mwenyekiti.
Wanachama wote, kupitia ubao wa matangazo.
Radi, popote ilipo, kwa taarifa.

N.B. 8 Novemba. Basi la Jumatatu halikupita, na barua hii bado ilikuwa mezani wakati tarishi wako alipofika jana na tangazo lako. Nimelisoma mara mbili. Nukuu: "Kufuatia hoja ya Ndugu E. Mligo katika mkutano wa Septemba, Kamati imebadili msimamo wake. Betri imerejeshwa. Daftari jipya limepelekwa Lupandilo. Swichibodi Kuu itazimwa kwa majaribio siku ya Alhamisi tarehe 14, saa nne asubuhi, kwa nusu saa." Nawashukuru. Katika miaka yote ya mabishano yangu sijawahi kukubaliwa, nami sikuwa nimejiandaa. Nimeshindwa pia kuichana barua niliyoiandika kwa bidii, basi naituma kama ilivyo, kwa kumbukumbu.

Lakini Alhamisi hiyo, Ndugu Meneja, hapana.

Tekla alimpima Lusia tena leo asubuhi. Anasema haitapita Alhamisi au Ijumaa. Sasa tafakari mwenyewe kama mzazi. Swichibodi inafanya kazi. Jana nimepiga simu hospitali nikapata hospitali. Kwa nini mtu mwenye akili timamu aende akaichokoze wiki hii hasa? Si kwamba naamini mambo ya uchuro, unanijua. Nasema tu kwamba kuna kitu kinaitwa wakati muafaka. Tusubiri wiki ijayo. Au baada ya Krismasi, watu wakiwa wametulia. Mwambie Apolonia asiinuke kwenye kiti chake hata kwa chai, na Antoni asiiguse ile ya kwake hata kwa kitambaa.

Jambo lingine, la nyumbani, ila nikikuficha utalisikia kwa majirani. Jailos alikuja leo mchana amebeba machela. Ni ile Tekla aliyoagiza, iwapo gari halitakuja: miti miwili mipya ya mkaratusi na turubai lililoshonwa vizuri. Akaiweka chini uani, akamwambia Lusia alale juu yake kidogo aone kama urefu unatosha. Nilimfukuza mpaka barabarani. Nilimwambia, na nasikitika kwamba nilisema kwa sauti, hata walimu wa shule wakasikia: "Kwenu mnampimia mtu machela angali anakula ugali?"

Ameiacha. Nimeiegemeza nyuma ya nyumba, chini ya upenu, nikaifunika magunia ya pareto ili asiione. Sijui kama urefu unatosha.

E.M.